WAP haikuuawa na kasi, iliuawa na dakika

Niseme mapema: kampuni za simu za Ulaya zilipoamua, mwaka 1999 na 2000, kuipandisha WAP (huduma ya kurasa za intaneti kwenye simu) juu ya CSD, yaani data inayopita kwenye simu iliyopigwa, na kuitoza kwa dakika, zilikosea vibaya. Mliowahi kushika Nokia 7110 mnakumbuka. Unabonyeza, simu inapiga namba kama ya maongezi, unasubiri wee, ndipo ukurasa unajitokeza.

Tupige hesabu. CSD inashika sloti moja, yaani kipande cha muda, kati ya nane za fremu ya GSM, kilobiti 9.6 kwa sekunde, wala haiiachii mpaka ukate. Ukurasa wa WAP kwenye 7110 ulikuwa na ukomo wa baiti kama 1,400 hivi. Hizo zinasafiri kwa sekunde moja na ushei. Muda wote unaobaki, umekodolea macho kile kioo kidogo ukitafuta matokeo ya mpira, sloti haibebi kitu na dakika zinakatwa. Mteja analipia kusoma! Na mnara nao unakula hasara, maana sloti hiyo ingebeba maongezi ya mtu mwingine. Aliyepanga bei ile alikuwa bado anawaza simu ya mezani.

Watetezi wa bei ile husingizia kasi. Basi watueleze i-mode, huduma ya intaneti ya simu ya NTT DoCoMo, iliyoanza Japani Februari 1999 kwa kilobiti 9.6 zilezile. Kule data ilikwenda kwa pakiti: hupigi namba, na unalipia kilichopita, si muda uliokaa. Agosti 2000 ilikuwa na wateja milioni 10. Wala pakiti hazikuwa jambo geni. Mtandao wa Mobitex wa Waswidi ulizirusha hewani tangu 1986.

WML, lugha ya kurasa za WAP, ilibanwa vizuri kabla ya kurushwa, hilo nawapa. HSCSD, CSD ya kasi zaidi, ikaja na sloti mpaka nne, yaani ugonjwa uleule mara nne. GPRS, data ya pakiti kwenye GSM, ilikuwa kazi safi, ila ilipoenea jina la WAP lilikuwa limeshachafuka.

Na njia isiyotoza dakika ilikuwepo tayari: SMS. Herufi 160, inapita kwenye chaneli za ishara, haishiki laini, na bei unaijua kabla hujatuma. M-Pesa ilipozinduliwa Kenya Machi 2007, haikuigusa WAP. Ilipanda SMS, kupitia menyu iliyokuwa ndani ya kadi ya SIM yenyewe.