Je, Mteremko Waweza Kupanda? Uhakiki wa Istilahi Moja ya Hisabati

Makala hii fupi yanuia kuhakiki istilahi moja ya hisabati, yaani mteremko, itumiwayo kutajia uwiano baina ya badiliko la wima na badiliko la mlalo kwenye mstari ulionyooka upitao nukta mbili. Katika shule za sekondari za Kongo dhana hii hufundishwa kwa Kifaransa, kwa jina la pente. Tatizo hujitokeza pale mwalimu anapoifafanua kwa Kiswahili.

Tuangalie mfano kutoka Kivu ya Kaskazini. Masisi ni nchi ya milima na malisho; Walikale, upande wa magharibi, ni nchi ya msitu, nayo iko chini zaidi. Aendaye Walikale husema anateremka, arudiye husema anapanda. Njia ni ile ile, ila neno limegeuka pamoja na msafiri.

Hisabati haiendi hivyo. Tuchukue nukta za kubuni, zisizo vipimo vya ardhi: Masisi (2, 7) na Walikale (6, 5), mhimili wa mlalo ukielekea magharibi. Tukianzia Masisi, tunapata (5 – 7) ÷ (6 – 2) = –1/2. Tukianzia Walikale, tunapata (7 – 5) ÷ (2 – 6) = –1/2. Msafiri amegeuka, jibu halikugeuka. Mwanafunzi anayegeuza mpangilio wa namba za wima peke yake hupata 1/2, kana kwamba kurudi Masisi kumechora mstari mwingine.

Hapa ndipo istilahi inapoisaliti dhana. Ikiwa mteremko wenyewe ni kushuka, basi sikio la Mswahili litapokea "mteremko hasi" kuwa ni kupanda, ilhali hisabati inakusudia kinyume chake. Mwinuko nao haufai, kwani umekwisha kutwaliwa na jiografia kwa maana ya kimo cha mahali juu ya usawa wa bahari.

Kwa maoni yetu, neno mwinamo lastahili nafasi hiyo. Ni kweli kwamba kuinama nako kuna dokezo la kushuka. Hata hivyo, mti huweza kuinamia kushoto au kulia, na ishara ya hasi au chanya ikatueleza ni upande upi. Huenda wengine wakapinga kwamba mteremko umekwisha kuzoeleka. Hoja hiyo ina uzito, lakini mazoea ya mwalimu hayamwondolei mwanafunzi utata. Istilahi njema yapasa imwezeshe kulishuku jibu lake mwenyewe kabla mwalimu hajalisahihisha.