Theluji Ibaki Nyeupe

Theluji huidanganya kamera. Kipima mwanga kilichomo ndani yake huchukulia kwamba kila kinachokiona kina wastani wa kijivu, kwa hiyo kikielekezwa kwenye uwanda mweupe hudhani mwanga umezidi, kikaupunguza. Hapo theluji inatoka na rangi ya majivu. Mpiga picha mzoefu huongeza mwanga hatua moja au mbili, kila hatua ikiwa maradufu ya iliyotangulia, na weupe unarudi. Akipitiliza, theluji inaungua: linabaki doa tupu lisilo na punje wala mikunjo iliyochorwa na upepo, na hakuna programu inayoweza kurudisha kile ambacho hakikunaswa.

Chukua Reine, kijiji cha wavuvi katika visiwa vya Lofoten, kaskazini mwa Norwei. Asubuhi za baridi jua huanza kugusa vilele vya milima wakati nyumba nyekundu za mbao zilizo ukingoni mwa maji zingali kivulini. Mtu aliyesimama pale anaviona vyote viwili bila taabu, kwa sababu jicho linahamahama na kujirekebisha kila linapotua. Kamera haina nafasi hiyo. Ukiipimia kilele, nyumba zinazama gizani. Ukiipimia nyumba, kilele kinaungua.

Mbinu ya HDR, yaani upana mkubwa wa mwanga, inakwepa uchaguzi huo kwa kupiga picha kadhaa za mandhari ileile na kuziunganisha kuwa moja. Kamera inafungwa kwenye stendi, apecha (tundu la lenzi) na ISO (wepesi wa kuhisi mwanga) haviguswi, kinachobadilika ni muda wa shata kubaki wazi: picha moja ya kawaida, moja iliyopungukiwa hatua mbili, moja iliyozidi hatua mbili. Kwa maneno ni kazi ya dakika moja. Kwenye theluji, miguu ya stendi lazima ishindiliwe mpaka ikutane na kitu kigumu, maana theluji laini hudidimia polepole, na picha tatu zilizopishana hata kidogo hutoa kingo zenye ukungu. Betri za akiba hukaa mfuko wa ndani, karibu na mwili, kwa kuwa baridi huzinyonya nguvu. Na kamera ikirudishwa ndani huachwa kwenye begi lililofungwa hadi ipate joto taratibu, isije ikatokwa na jasho kwenye lenzi.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko wanaolipuuza wanavyodhani. Miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray alikuwa akiunganisha negativi mbili, moja ya bahari na moja ya anga, kwa sababu kemikali za wakati wake zilifanya anga iungue. Karibu na mwaka 1940, Wamarekani Ansel Adams na Fred Archer waliupanga mwanga katika kanda, kutoka sifuri ambayo ni weusi kamili hadi kumi ambayo ni weupe wa karatasi. Theluji ambayo mikunjo yake bado inaonekana iliwekwa kanda ya nane. Nafasi iliyobaki juu yake ni finyu mno, na ufundi wote ninaouzungumzia unaishi humo. Mwaka 1997 Paul Debevec na Jitendra Malik walichapisha njia ya kompyuta kukokotoa mwanga halisi wa mandhari kutokana na picha zenye vipimo tofauti.

Kompyuta ikishaziunganisha picha hizo, mwanga uliopatikana ni mpana kuliko kioo chochote cha kawaida kinavyoweza kuonyesha, hivyo inabidi ubanwe. Hapa ndipo wengi huharibu. Huvuta vivuli juu mpaka msitu unang'aa sawa na theluji, vilele vinazungukwa na taji za mwanga, na theluji inachafuka. Picha za namna hiyo ndizo zilizoipa HDR jina baya, na kwa kweli ilistahili. Fundi huenda pole kama anayeonja chumvi kwenye mchuzi. Kutoka picha yenye giza anachukua ukingo wa kilele tu, akiupaka kwa brashi hafifu, pitio juu ya pitio. Kivuli kwenye theluji anakiacha na ubuluu wake, kwa kuwa kinaangazwa na anga peke yake. Mashua iliyoyumba kati ya picha moja na nyingine huonekana kama mzimu, basi sehemu hiyo anaitoa kwenye picha moja tu. Vilevile kwa chembe za theluji zinazoanguka.

Sensa za kamera za siku hizi hunasa mwanga mpana zaidi, na siku ya mawingu faili moja ghafi linatosha kabisa. Anayepiga tatu anajichosha. Stendi inatoka begini pale jua lenyewe linapoingia kwenye fremu, chini, katikati ya misonobari. Tofauti kati ya jua hilo na gome la shina lililo kivulini bado inaishinda sensa yoyote iliyoko madukani.