Wahandisi Jukwaani: Simu Isiyojibu

Mhandisi na msanii wa jukwaa wanapounganisha nguvu zao, swali la msingi si kwamba wameunda mtambo gani. Swali ni kwamba kazi hiyo inamwendea nani, na huyo mtu amepewa nafasi gani ndani yake. Tumeona wanafunzi wetu wengi wakilikwepa swali hili na kuishia kustaajabia taa na nyaya. Ndiyo maana tumeamua kuchambua maonyesho yanayosifiwa sana katika historia ya sanaa ya Marekani, yale ya New York ya tarehe 13 hadi 23 Oktoba 1966, yaliyoitwa 9 Evenings, yaani Jioni Tisa.

Wasanii 10 na wahandisi wapatao 30, wengi wao wafanyakazi wa maabara za shirika la simu la Bell, walishirikiana kwa miezi kadhaa. Walioongoza ni mhandisi Billy Klüver na mchoraji Robert Rauschenberg. Ukumbi ulikuwa jengo la kijeshi la Kikosi cha 69, na watazamaji walizidi 10,000. Tuukumbuke mwaka wenyewe: ulipokwisha, askari wa Marekani nchini Vietnam walikuwa zaidi ya 380,000. Wahandisi kutumia ujuzi wao kuwaundia wachezaji vyombo vya jukwaani, katika nchi iliyokuwa vitani, ni jambo la heshima. Tena kila msanii alikuwa na mhandisi wake aliyetajwa kwa jina, jambo ambalo hata leo mafundi wengi wa jukwaa hawalipati.

Lakini tuitazame kazi yenyewe. Rauschenberg aliwaleta wachezaji wawili wa tenisi. Ndani ya mipini ya raketi zao mlifichwa vyombo vya kurusha mawimbi, na kila mpira ulipopigwa mshindo ulisikika ukumbi mzima na taa moja ikazimika. Giza lilipokamilika watu wapatao 500 waliingia uwanjani. Watazamaji waliwaona kwenye skrini tu, kwa kamera za miale ya infraredi. Umati umeletwa, upo, lakini hauna la kufanya ila kuonekana. Picha ni kali. Umma ndani yake ni pambo.

Mchezo wa John Cage unatufundisha zaidi. Aliagiza laini za simu zifunguliwe kutoka sehemu mbalimbali za mji: mgahawa, banda la ndege, kituo cha kufua umeme, bohari ya magari ya taka, mitambo ya kuchapia gazeti. Sauti hizo zilikuzwa na kuchanganywa ukumbini. Fikra hii ni kubwa, maana ngurumo ya kazi ya mji iliingia mahali ambapo wenye kazi hiyo hawakuzoea kualikwa. Hata hivyo simu, chombo kilichoundwa ili watu wawili wajibizane, iligeuzwa sikio. Mzoa taka hakupangiwa neno la kusema wala nafasi ya kusikia kazi yake ikipigiwa makofi. Mhandisi aliyejua kuleta sauti angeweza pia kuirudisha. Waya ni ule ule. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza.

Naye Yvonne Rainer alikaa mbali na wachezaji akiwaamuru kwa redio za mkononi wahamishe vitu huku na huku. Baadhi ya makada wataitambua mara moja namna hiyo ya uongozi.

Magazeti ya siku zile yalilalamikia ucheleweshaji na mitambo iliyogoma. Huo ni uhakiki mwepesi. Mtambo ukigoma hutengenezwa.

Uhakiki mzito zaidi tunaupata katika kazi ya baadaye ya wahusika wenyewe. Chama walichokiunda baada ya maonyesho hayo, Experiments in Art and Technology, kilishiriki mwaka 1969 katika mpango wa televisheni ya mafunzo uliohusu ushirika wa maziwa wa Anand, nchini India. Huko walengwa walikuwa wanawake wafuga nyati. Waliopanga walipendekeza vinasa picha vyepesi vipelekwe vijijini, ili vipindi vianzie kwa wafugaji badala ya kutungwa studio za mjini. Vyombo vilikuwa hafifu kuliko vya New York, na hapakuwa na taa za kuzimika kwa pigo la raketi. Mama wa Anand alikuwa amewekwa upande wa pili wa waya, akitarajiwa kusema ng'ombe na nyati wake wanahitaji nini.