Pembe mraba: tatizo si neno, ni tunavyolifundisha

Likizo hii nilikuwa nyumbani, Babati, kwa mjomba anayejenga. Fundi alikuwa anapima msingi wa chumba cha mita 3 kwa 4. Nikamwuliza binamu yangu wa darasa la sita: ile kona ni pembe mraba? Akajibu bila kusita, "Hapana kaka, chumba chenyewe siyo mraba, ni mstatili."

Amekosea, lakini simlaumu. Mraba ni neno lenye asili ya Kiarabu, kwenye mzizi wa "nne", na tumelibebesha mizigo mitatu: umbo la pande 4 sawa, eneo (mita za mraba), na pembe ya nyuzi 90. Halafu darasani tunaeleza mraba kwa pembe mraba, na pembe mraba kwa kona ya mraba. Tunajizungusha palepale. Ukifika kwenye "pembetatu mraba" ndo balaa: pande 3 zenye jina la nne!

Kiingereza cha sekondari nacho hakisaidii. Wapo wanaodhani "right angle" ni pembe ya kulia, kumbe "right" hapo maana yake ya zamani ni kunyooka.

Fundi yeye hana shida. Anasema "piga skwea" na kila mtu anaelewa. Kamba mita 3 huku, mita 4 kule, mshazari lazima usome 5, kwa sababu 9 + 16 = 25. Ukizidi sentimita 5 tu, pembe inakuwa nyuzi 91.2 hivi, na ukuta wa mita 4 unaishia kama sentimita 8 nje ya mahali pake. Siku ya kuweka vigae utaumbuka.

Cha kuchekesha, skwea nayo ni "mraba" uleule, wa Kiingereza! Kwa hiyo kosa haliko kwenye asili ya neno. Fundi amelifunga neno na kipimo. Darasa limelifunga na picha.

Mwalimu, jaribu hivi. Chukua karatasi iliyochanika ovyo. Ikunje mara moja, upate ukingo ulionyooka. Ikunje tena, ukilaza ukingo ule juu yake wenyewe. Kona uliyopata ni nusu kamili ya nyuzi 180. Hiyo ndiyo pembe mraba, na hakuna mraba popote.

Binamu yangu alikunja, akaenda kuipachika kwenye kona ya msingi. Ikakaa.