Mpinzani Aliyeachwa Nje ya Mstari

Katika kumbi za harusi na hoteli za Nyarutarama, nchini Rwanda, ngoma ya intore ina heshima yake. Vijana huingia kwa mstari, singa za mkonge vichwani, njuga miguuni, mkono mmoja umeshika mkuki mwembamba au fimbo na mwingine ngao ndogo, na sakafu hutikisika kwa vishindo vyao. Mgeni huambiwa kwamba anachokitazama ni vita. Kwa asili yake, kauli hiyo ni kweli. Lakini atakayeitazama kwa jicho la mwalimu wa silaha ataona pengo: mbele ya ule mkuki hakuna mtu. Wote wanawaelekea watazamaji, na ngao haikingi kitu. Naamini pengo hilo ndilo lililoamua hatima ya intore kama mafunzo ya mapigano, na kwamba ngoma haikuwa na kosa. Sanaa ya silaha yaweza kuishi ndani ya ngoma karne nyingi, mradi mafunzo yake yambakize mpinzani. Pa kuipimia hoja hii ni Ufilipino, ambako mchezo wa fimbo umefika hadi kwenye vitabu vya sheria.

Mchezo huo huitwa arnis, eskrima au kali, na hadithi inayopendwa ni kwamba ni wa kale kuliko ujio wa Wahispania, ukapigwa marufuku, ukajificha ndani ya ngoma na michezo ya jukwaani. Sehemu ya kwanza ya hadithi ina mashiko. Antonio Pigafetta, aliyeandika safari ya Magellan, anaeleza jinsi watu wa Mactan walivyomuua nahodha huyo tarehe 27 Aprili 1521, kwa mkuki wa mwanzi na upanga uliomkata mguu. Hao hawakuhitaji mgeni wa kuwafundisha kupigana. Lakini sikiliza lugha ya darasani. Eskrima limetokana na neno la Kihispania la mchezo wa panga. Arnis huelezwa kuwa limetokana na neno la lugha hiyo hiyo la deraya. Mapigo matano ni cinco teros, upanga na jambia ni espada y daga. Chama cha Doce Pares, kilichoundwa Cebu mwaka 1932, kina jina la mashujaa kumi na wawili wa mfalme Charlemagne. Msamiati kama huu haujengwi na watu wanaojificha. Ned Nepangue na Celestino Macachor, katika kitabu chao cha 2007, wanadai kwamba eskrima ya Cebu ilipata umbo lake pale mapadri wa Kihispania walipowapanga wanavijiji kulinda pwani dhidi ya wavamizi kutoka kusini. Naona dai lao lina nguvu kuliko ile hadithi ya maficho, kwa sababu linaeleza jambo ambalo hadithi inaliruka: ilikuwaje mafunzo yakawa na mpangilio.

Mpangilio wenyewe ni wa hesabu. Mapigo hupewa namba, mara nyingi tano au kumi na mbili, na namba haitaji silaha, inataja njia. Katika mifumo mingi, namba moja hushuka kwa mshazari kutoka juu kulia kwa mpigaji. Awe ameshika panga, kisu au fimbo ya henzerani yenye urefu wa kama sentimita 70, njia ni ile ile, na anayekinga hujifunza njia hiyo kabla hajauliza kinachokuja nayo. Henzerani nayo ina sababu yake: ni nyepesi, na ikichoka huchanika nyuzi badala ya kukatika vipande vyenye ncha. Kisha wanaingia watu wawili. Mmoja anatoa pigo, wa pili anakinga na kurudisha; mwanzoni kwa utaratibu unaojulikana, baadaye bila taarifa. Katika Balintawak, mfumo ulioanzishwa Cebu na Venancio Bacon mwaka 1952, kila mmoja ana fimbo moja tu, wamekaribiana, na mkono mtupu unaishughulikia fimbo ya mwenzake. Mwalimu mwingine wa arnis, Remy Presas, alifanya badiliko dogo lenye matokeo makubwa. Mazoezi ya zamani yalilenga mkono wa mwenzako, na wanafunzi waliumia wakakimbia. Yeye akaelekeza pigo ligonge fimbo. Maumivu yalipungua, ila mwenzako alibaki palepale. Ndiyo maana mafunzo hayo yaliweza kuingia shuleni, na sheria ya tarehe 11 Desemba 2009 ikaitangaza arnis kuwa mchezo wa taifa.

Sasa turudi Rwanda. Intore maana yake ni waliochaguliwa, na itorero, shule yao katika makao ya mfalme na ya machifu, ilifundisha mengi: ibyivugo, yaani majigambo ya kishairi, kupigana mieleka, kulenga kwa upinde, kutupa mkuki, kuruka juu. Picha za safari ya Mtemi Adolf Friedrich wa Mecklenburg ya mwaka 1907 zinamwonyesha mrukaji akipita juu ya vichwa vya Wazungu waliosimama. Ngoma ilikuwa somo moja kati ya hayo. Ukoloni ulipoyaondolea majeshi ya mfalme kazi yake, kila somo lililohitaji adui lilikosa sababu ya kufundishwa, na lililohitaji watazamaji likapata wengi zaidi, hata katika filamu ya King Solomon's Mines ya mwaka 1950. Itorero ilihuishwa mwaka 2007 kama shule ya maadili ya kiraia, na mwaka 2024 UNESCO ikaiweka intore katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu. Nafurahia yote mawili kwa dhati. Hakuna hata moja kati yao linalomrudisha mtu mbele ya mkuki.

Kuna pingamizi lisilopaswa kupuuzwa. Sinawali, zoezi maarufu la arnis la fimbo mbili mbili, limeitwa kwa jina la ususi wa mianzi, na kweli fimbo hupishana kama ukili mikononi mwa msusi. Wawili wanajua kila pigo kabla halijatolewa. Je, hiyo si ngoma? Ni ngoma. Tofauti iko katika anayesahihisha. Mchezaji wa intore akichelewa, mstari unapoteza uzuri na mwalimu anamkemea baadaye. Mchezaji wa sinawali akichelewa, fimbo ya mwenzake inatua kwenye vidole vyake papo hapo. Umbali, wakati na hofu hujulikana kwa njia hiyo tu, na hakuna wimbo unaoweza kuvifundisha badala yake.

Wala hatuhitaji kwenda mpaka Cebu kupata ushahidi kwamba ngoma na mpinzani vinaweza kukaa nyumba moja. Katika kirumbizi cha Lamu, zumari inalia, ngoma zinapigwa, duara linafungwa, na wawili wanaingia katikati na fimbo zao. Mmoja anapiga, mwingine anakinga, kisha wengine wanashika zamu. Intore wana kila kinachohitajika kwa hatua hiyo: miguu iliyozoea kupiga ardhi kwa pamoja, ngao, na mwalimu anayehesabu. Mwalimu huyo angeweza kuugawa mstari wake mara mbili na kuzigeuza nusu hizo zitazamane, akawapa fimbo badala ya mikuki na mapigo matatu yenye namba, wimbo ukiendelea. Ngao zingeanza kufanya kazi siku hiyo hiyo.