Ubahili wa Fundi Sauti

Siku hizi hata prodyuza ana jina lake linalotajwa mwanzoni mwa wimbo. Hutajwa kwa biti kali na kinanda kilichonata. Mimi nataka kumsifia kazi ambayo hakuna anayeitaja: kuibana kompyuta ya kawaida mpaka itoe rekodi safi.

Chukua singeli. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa albamu ya Sounds of Sisso, na muziki huo uliopikwa uswahilini Dar es Salaam, kwenye vyumba vidogo, ukasikika mbali na vigodoro vya kwao. Kasi yake ni mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Ukiiweka kwenye 240, pigo moja linachukua milisekunde 250 na robo yake 62 na ushee. Emsii anayechana humo ndani hana nafasi ya kusubiri sauti yake imrudie kwenye hedifoni.

Na kompyuta, kwa tabia yake, inasubirisha. Haipokei sampuli za sauti mojamoja. Inazikusanya kwenye bafa, mithili ya konda asiyeruhusu daladala iondoke mpaka ijae. Bafa ya sampuli 1,024, kwa kiwango cha 48,000 kwa sekunde, hujaa kwa milisekunde 21. Sauti huchelewa hivyo ikiingia, ikachelewa tena ikitoka: jumla kama 43, theluthi mbili za ile robo ya pigo. Emsii anajisikia nyuma ya biti, anapunguza mwendo ili ajisubiri, na watu watasema hajui kwenda na mapigo. Ishushe bafa hadi 128 na safari nzima inakuwa milisekunde tano na kitu, ukiacha kidogo kinacholiwa na kadi ya sauti yenyewe. Hewani sauti hutumia karibu milisekunde tatu kwa kila mita, kwa hiyo ni kama amesimama hatua mbili kutoka kwenye spika. Hapo hana la kulalamika.

Prosesa ndiyo italalamika. Sasa ina milisekunde 2.7 tu za kumaliza hesabu zote za mradi kabla ya fungu lingine kufika. Ikichelewa mara moja, sauti inakatika, au unasikia "tak" katikati ya mstari mzuri kuliko yote. Anayeanza hukimbilia kutamani mashine mpya. Fundi hufunga hesabu. Kabla emsii hajavaa hedifoni, biti nzima imeshageuzwa faili moja la stirio, riveba na kompresa zimezimwa, vinanda vizito vimegandishwa. Kinachobaki hai ni maiki na biti. Wakati wa kuchanganya, ambapo hakuna anayeimba, anairudisha bafa kwenye 1,024 na kufungulia plagini zake. Mashine ni ileile. Kilichobadilika ni kujua saa gani inadaiwa haraka na saa gani inadaiwa nguvu.

Kwenye kiwango cha sampuli ubahili huu wa fundi hukutana na majivuno. Programu itakubali 96,000, hata 192,000, na namba kubwa inapendeza kumwonyesha mteja. Lakini Claude Shannon alishathibitisha mwaka 1949 kwamba sampuli zikizidi maradufu ya masafa ya juu kabisa yaliyomo katika sauti, sauti yote inaweza kurudishwa. Sikio la kijana huishia karibu hertz 20,000. Ndiyo maana 44,100 ya CD ilitosha, namba iliyotokana na kurekodi sauti ya dijitali kwenye kanda za video: sampuli tatu kwa mstari, mistari 245, mara 60 kwa sekunde. Ukipanda kutoka 48,000 hadi 96,000 unaongeza maradufu kazi ya prosesa na ukubwa wa mafaili. Wapo wenye sababu ya kupanda, mfano anayetaka kuivuta sauti taratibu mno baadaye. Kwa wengine wote, mimi naona 48,000 kwa kina cha biti 24 ni riziki tosha.

La muhimu kuliko ukubwa ni kuwa na namba moja tangu mwanzo. Biti iliyotengenezwa kwa 48,000 ikisomwa kama 44,100 bila kubadilishwa, ile singeli ya 240 inashuka hadi 220.5, na ufunguo unazama nusu-toni moja na nusu. Waimbaji wameingiza sauti juu ya wimbo mwingine kabisa.

Halafu kuna joto. Feni ya chumba lazima izimwe kwa sababu maiki inaisikia. Chumba cha Dar mchana, madirisha yamefungwa, laptopu inachemka, na prosesa ikichemka hujipunguzia kasi yenyewe. Kabla ya hapo feni yake ya ndani imeshaanza kuvuma, nayo maiki inaisikia vilevile. Basi kila plagini iliyozimwa ni joto lililopungua, na joto likipungua kuna mvumo mdogo nyuma ya sauti ya emsii, mvumo ambao kompresa ya baadaye ingeuvuta mbele.