Kitako cha Kiondo

Mtu wa Tanga haambiwi mkonge ni nini. Nimekua nikiuona umepangwa mistari toka kando ya barabara hadi miguuni mwa Usambara, nikilala na kuamka kwa ngurumo ya korona, mashine inayosaga majani. Harufu ile ya maji ya mkonge, chachu kama togwa iliyopitiliza, ikinipata njiani hadi leo najua nimefika nyumbani. Shuleni tulikaririshwa kwamba Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, na iliyofika hai ilikuwa 62. Baba yangu alikuwa mtu wa mizani kwenye shamba moja. Kwetu mkonge ulikuwa mshahara, bei ya tani, kamba ya mbuzi, gunia. Hakuna aliyeukalia kitako akautazama.

Julai iliyopita nilikwenda Nyeri kwa wiki moja, na niseme wazi kwamba nilikwenda kula raha. Tulikuwa wanne, wanawake tuliosoma chuo kimoja: mimi, mwenzetu wa Unguja, mwalimu wa fizikia wa Mombasa, na mwenyeji wetu, ambaye kwao ni Tetu, upande wa milima ya Nyandarua, si mbali na Ihithe alikozaliwa Wangari Maathai. Mimi na wa Unguja tulivukia Horohoro, tukampitia wa Mombasa, tukapanda treni hadi Nairobi, kisha matatu iliyopita Sagana na Karatina ikipiga muziki wa kutetemesha vioo. Wazungu wanapokuwa kwenye kiangazi chao sisi Pwani tuko kwenye kipupwe, na kipupwe chetu ni cha kuvaa sweta jioni kwa maringo tu. Cha Nyeri hakina maringo. Ukungu hushuka kutoka msituni alfajiri ukakaa hadi saa tano, na manyunyu yake hayanyeshi wala hayakatiki. Wa Unguja alivaa makoti mawili na juu yake kanga, na kanga hiyo hakuivua siku saba.

Tulizurura. Tulikwenda kaburini kwa Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki mjini hapo Januari 1941, tukaona jiwe lake lenye alama ya duara na nukta katikati, ambayo kwa maskauti ina maana kwamba mwenzenu amekwisha kwenda nyumbani. Tulikula mukimo hadi mikanda ikalegezwa. Usiku mmoja Karatina tulicheza mugithi, neno ambalo maana yake ni treni, na kweli ni treni: mtu mmoja na gitaa lake jukwaani, na ukumbi mzima umeshikana mabega unazunguka meza, mabehewa ya kila umri. Mwalimu wa fizikia alikuwa behewa la mwisho, na kila kona alikuwa anaachwa. Mlima wenyewe, wenye mita zake 5,199, ulijitokeza mara moja tu, asubuhi ya Jumatano, dakika kama ishirini, kisha ukajifunika tena.

Nanyuki tulisimama kwenye ubao wa Ikweta, kama wasimamavyo wote. Kijana mmoja alikuja na beseni lenye tundu, jagi la maji na vijiti viwili vya kiberiti. Akasogea hatua chache kaskazini, maji yakazunguka upande mmoja. Akasogea kusini, yakazunguka upande wa pili. Juu ya mstari wenyewe yakashuka wima. Mwalimu wetu alininong'oneza kwamba mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kugeuza maji ya beseni kwa hatua chache vile, kwamba kila kitu kiko kwenye namna anavyomimina na anavyogeuza kiwiliwili. Tangu hapo nikaacha kutazama maji, nikatazama mkono. Ulikuwa mkono hodari sana. Tulimlipa wote wanne, na mwalimu alimlipa zaidi yetu.

Labda ule mkono ndio uliniandaa, maana jioni ile tuliporudi Tetu niliona kitu ambacho siku mbili nilikuwa nakipita tu jikoni.

Bibi wa mwenyeji wetu, ambaye sote tulimwita shosho, huketi kwenye kigoda karibu na moto. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akacheka, akanishika mkono na kuutikisa, maana huko salamu ni ya mkono. Juu ya paji lake, nywele zinapoanzia, pana bonde dogo mithili ya alama ya kidole kwenye udongo. Ni kazi ya mukwa, mkanda wa ngozi unaopita kichwani kushikilia mzigo mgongoni. Kuni, viazi, maji, miaka yote hiyo. Na mapajani mwake kila jioni pana fungu la singa za mkonge.

Singa! Nilizitambua kabla sijakaa. Nikataka kumweleza kwamba hizi mimi ndizo zilizonilea. Hakuonekana kushangaa. Alikunja gauni hadi juu ya goti, akachukua singa chache, akazigawa mafungu mawili, akayalaza sambamba juu ya muundi wa mguu. Kiganja kikasukuma kwenda mbele, kila fungu likajisokota peke yake. Kiganja kikarudi nyuma, na mafungu yale mawili yakakumbatiana yakawa uzi mmoja. Mbele, nyuma. Kabla fungu halijaisha alilisha singa nyingine mle ndani, na nilipoutafuta mwungo kwa kidole sikuuona. Ngozi ya mguu wake mahali hapo inang'aa kama mpini wa jembe la zamani. Akaniambia kwamba bibi zake hawakuwa na mkonge. Walitumia maganda ya mugio, mti mdogo wa porini, na uzi wake ulikuwa mlaini kuliko huu wangu. Alisema hivyo, "huu wako", kana kwamba nimeuleta mimi.

Uzi huo ni wa kusukia kiondo, kikapu cha huko. Kiondo huanzia kwenye kitako. Nyuzi kadhaa hukutanishwa katikati zikapandana kama spoku za baiskeli, halafu nyuzi mbili nyingine huanza kuzunguka, moja mbele ya spoku na moja nyuma yake, zikipishana kila zinapovuka. Hakuna kitanda cha mfumi, hakuna sindano. Wa Unguja alipoona duara lile na kifundo chake katikati alisema kwa sauti, "Kaburi la Baden-Powell hilo!" Tukamfinya. Duara likipanuka spoku huachana, na mahali palipoachana huchomekwa uzi mpya, mzunguko baada ya mzunguko, hadi kitako kinaenea kiganja, kinaenea sahani, kinaenea sinia.

Nikauliza ukuta unakunjwaje. Nilidhani pana ufundi wa kukunja, ukingo wa kubinya, labda kipande cha mti cha kulazia. Shosho akanitazama. "Haukunjwi," akasema. "Ukiacha kuongeza, kinasimama."

Nimekaa na jibu hilo tangu Julai. Ndivyo ilivyo kweli: anaacha kuchomeka nyuzi mpya, anaendelea kuzunguka vilevile kama jana, na kwa kuwa duara halina tena mahali pa kwenda, linapanda. Hapana siku ambapo unaweza kusema hapa ndipo ukuta ulipoanza. Kuamua lini uache kuongeza, hapo ndipo walipo mafundi, na shosho hapimi kwa kamba wala kwa shubiri. Hukiweka gotini. Kikilifunika goti sawasawa, basi.

Sisi Pwani tunajua kusuka, na wa Unguja hakukubali kunyamaza. Alieleza ukili: unachana miyaa, unasuka utepe mrefu hata wa pima kadhaa, kisha ndipo unashona mkeka au kikapu. Shosho alisikiliza kwa heshima, akauliza kama kosa likitokea katikati ya utepe hufanywa nini. Wa Unguja akakiri kwamba hukatwa, au hufichwa kwenye mshono. "Hapa hakuna mshono," shosho akasema, na mabishano yakawaka hadi chakula cha usiku kikapoa. Mimi naupenda ukili wangu, lakini nadhani shosho alishinda. Kwenye kiondo hakuna pa kuficha. Mzunguko uliokaza kupita kiasi mwezi uliopita utauona umekaa pale, kama kovu.

Na mimi nilikaza. Nilipewa kitako cha kujaribia, na kwa jioni tatu nilizunguka. Kilitakiwa kulala bapa. Changu kilijikunja kikawa kikofia. Nikalegeza, kikawa na mawimbi kama pindo la gauni la shule. "Unavuta kama unafunga ng'ombe," shosho aliniambia. Kisha akafanya jambo lililoniumiza na kunipendeza pamoja. Alifumua mizunguko yangu yote, mmoja mmoja, bila haraka, akaukunja uzi ukawa mpira, akanirudishia. Haukupotea hata upana wa kidole.

Usidhani kwamba jioni hizo zilikuwa darasa. Hapo ndipo sifa ya kazi hii ilipo kwangu. Shosho alisuka akituuliza habari za waume na wasio waume. Alisuka akitusimulia utoto wake wakati wa Mau Mau, mama yake akirudi jioni na kiondo kilichofunikwa majani ya viazi vitamu, na watoto wasiruhusiwe kuuliza kilicho chini. Alisuka akicheka hadi machozi tulipomwigizia behewa la mwisho la mugithi. Asubuhi alikwenda dukani akisuka njiani, na mpira wa uzi umo ndani ya kiondo hichohicho kisichokwisha. Kiondo hubeba uzi wake chenyewe kabla hakijabeba cha mtu. Cherehani inataka ukae mahali pamoja, gurudumu la mfinyanzi linataka uinamishe kichwa. Kazi hii inataka vidole tu, na macho na ulimi inakuachia uwape wageni.

Bei ni habari nyingine. Miaka ya 1970 na 1980 viondo viliingia kwenye mitindo ya Ulaya na Marekani, vikapelekwa kwa wingi, kisha vikaigwa viwandani Asia kwa bei ya kutupa. Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019, wengine tulitabiri kwamba vikapu vitarudi mikononi. Nendeni sokoni Karatina mkaone. Watu wamebeba vifuko vile vya rangirangi vinavyochanika kabla hujafika kituoni, na viondo vimetundikwa juu, kwa ajili ya wapita njia kama mimi. Mnunuzi mmoja wa jumla, ambaye hana haja ya kutajwa, humpa shosho malipo ambayo ukiyagawa kwa jioni alizotumia ni aibu. Kutoka hapo viondo hupelekwa soko la Kariokor, Nairobi, kutiwa mikanda ya ngozi. Sisi tuna Kariakoo yetu Dar es Salaam, na majina yote mawili yametokana na vikosi vya wapagazi ambao Waingereza waliwakusanya katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Nilimwambia shosho habari hiyo nikidhani itampendeza. Akagusa lile bonde la kwenye paji, akaendelea kusuka.

Jumamosi usiku alinisimamia hadi nikapata kitako kilicholala bapa, ukubwa wa kisahani cha chai. Hakukisifu. Alikigeuza upande wa pili, akakipitishia kidole, akakitia kwenye mfuko wangu pamoja na fungu la singa.

Nyumbani Tanga mama alifungua mzigo kabla sijavua viatu. Alitoa chai, akatoa parachichi zilizopondeka, akafika kwenye lile fungu. Alilinusa. Miaka ishirini na mbili aliishi kwenye kambi ya wakata mkonge na mumewe mtu wa mizani. Hakuhitaji kuuliza ni kitu gani.

"Umevuka mpaka," akasema, "kwenda kununua mkonge?"

Nikavuta kigoda, nikakunja kanga juu ya goti.